Vita vya Kagera: waliokuwepo na waliosimuliwa, tupeane uzoefu. Amin alifuata nini hasa?

MwanaBunazi
Wakuu, habari zenu. Jana kijana wangu kanisomea makala, mwandishi anasema Idi Amin aliivamia Kagera kwa "maslahi ya kimkakati ya Uganda". Usingizi umekata. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka tisa, na ninachokumbuka kuliko vyote ni mlango. Askari waling'oa mlango wa nyumba yetu, wa mvule, tata, yaani baba, aliuchonga mwenyewe. Waliutoa na bawaba zake, wakaulaza kwenye lori juu ya mabati ya jirani. Taifa linapata mkakati gani kwenye mlango wa mtu? Leteni yenu.

KyakaMtoni
Kwetu cherehani ya mama na ng'ombe wote. Umesema kweli.

MgamboMstaafu
Nilivuka na jeshi mwanzoni mwa 1979, kwa hiyo nisikilizeni. Tusiikatae hoja ya mkakati haraka hivyo. Mpaka wetu pale ni mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1890 mezani. Haufuati mto wala kilima. Mto Kagera uko kusini yake, na katikati ndipo ile pembe yetu, kama kilomita za mraba 1,840. Ukiwa kamanda wa upande wa Uganda utautamani ule mto uwe ngome yako. Amin alipotangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba eneo ni lake, alisema mpaka sasa ni mto.

Lakini mtu anayetaka ngome hujenga ngome. Hawa walilipua daraja la Kyaka juu ya mto huo, kisha wakashughulika na kuhamisha mali. Kiwanda cha sukari kilikombwa. Jeshi letu lilipovuka mwezi huohuo wa Novemba halikukuta ukuta wowote wa kuzuia, wengi walikuwa wameshaondoka na mizigo. Kwa hiyo mimi nasema maslahi yalikuwepo, ila ya Amin na askari wake. Mwaka ule kambi zake zilikuwa zinaasi, makamu wake Mustafa Adrisi alikuwa ameumia kwenye ajali ya gari na watu wake wana kinyongo. Askari mwenye njaa ya ngawira humpeleki kwenye gwaride, unampeleka kwa jirani.

Nyakato_M
Sikutaka kuandika, lakini huo mlango umenirudisha.

Sisi tulichelewa. Wenzetu walikuwa wameshavuka Kyaka daraja likiwa zima, sisi tukabaki kwa ajili ya bibi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi za sebuleni, ametandika mpya asubuhi ileile, anasema Amin hamjui yeye na yeye hamjui Amin, basi hawana ugomvi. Mama alipiga magoti. Bibi akamwambia, chukua watoto, mimi nitalinda moto usizime.

Tulilala migombani siku nne. Mchana tunajifunika majani makavu, usiku tunasogea. Mdogo wangu alikuwa na miezi saba. Usiku wa mwisho tulisikia viatu barabarani na watu wanaongea Kiswahili cha kule, karibu kabisa, hata harufu ya sigara niliipata. Mtoto akaanza kukoroma kama anataka kulia. Mama akamziba mdomo na kanga. Nilimwona mama amefumba macho, kidole gumba kinatetemeka shavuni kwa mtoto. Lori lilikuwa limejaa, likawa haliwaki. Wakalisukuma. Sijui ilichukua muda gani. Mama hakuondoa mkono.

Mtoni palikuwa na mvuvi na mtumbwi, anavusha watu gizani. Tukavuka.

Tuliporudi mwakani nyumba ilikuwa majivu. Kiti cha bibi cha miguu mitatu tulikikuta migombani, kimesimama. Yeye hatukumwona, mpaka leo.

KyakaMtoni
Pole sana mama. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Masaka79
Poleni, kwa moyo wote. Lakini wandugu, simulieni na la upande wetu. Septemba 1972 watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walitoka Tanzania wakashambulia Masaka na Mbarara. Amin hakuota hofu, alikuwa na sababu ya kuogopa mpaka ule. Na Februari 1979 mizinga yenu iliifumua Masaka. Duka la baba yangu lilibaki ngazi tatu za saruji. Naye alimchukia Amin kuliko nyinyi.

MwanaBunazi
Unalinganisha aliyevamia na aliyevamiwa?

Masaka79
Nalinganisha mlango wako na duka la baba yangu.

MgamboMstaafu
Mwache, anasema kweli, Masaka niliiona. Ila hiyo ya 1972 iliisha kwa mapatano ya Mogadishu, Oktoba mwaka uleule, kila upande urudishe majeshi kilomita kumi kutoka mpakani. Ndiyo maana 1978 hapakuwa na jeshi la maana pale. Hofu inaweza kueleza 1972. Kwa 1978 naona alijua hakuna mtu.

Kijana_Mwanza
Sasa wazee, sisi tuliozaliwa baadaye tufanye nini? Babu yangu ukimtajia vita anatoka nje.

KyakaMtoni
Usimuulize kabisa. Mwache apumzike.

MwanaBunazi
Muulize, tena mrekodi wiki hii. Tata alikufa na mengi.

Masaka79
Mpeleke Kaboya kwenye makaburi ya askari, ukae kimya. Ataanza mwenyewe.

MgamboMstaafu
Kaboya mimi siendi. Kila mtu na wake. Anza na habari za miezi kumi na minane ya kufunga mikanda baada ya vita, foleni za sabuni na sukari. Hayo wazee huyaongea bila kuumia sana.

Kijana_Mwanza
Mama Nyakato, samahani. Yule mtoto?

Nyakato_M
Yuko hai, ana wajukuu. Mvuvi alipotushusha ng'ambo mama alimpa kanga moja kama nauli, akaikataa. Alimchukua mtoto kwanza, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza, ndipo akarudi majini kufuata wengine. Jina lake hatukuuliza. Kama kuna mtu hapa baba yake alivusha watu chini ya Kyaka usiku wa mwanzo wa Novemba ule, naomba aandike.