Sarafu yangu ya Kirumi inatoa unga wa kijani, nifanyeje?

Mwana wa Pwani: Wakuu, salaam. Niko Uingereza. Mwezi uliopita nilinunua sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi, shaba ya zama za kaizari Constantine, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Nyuma kuna askari wawili, bendera mbili katikati yao, na maneno GLORIA EXERCITVS (Kilatini, "utukufu wa jeshi"). Sitaki kuiuza, naipenda historia yake. Sasa ina vidoa vya kijani kibichi, ukigusa unatoka unga. Mama aling'arisha masinia ya shaba kwa ndimu na majivu. Nami nifanye hivyo? Na inasomwaje?

Fundi Shaba: Ndugu yangu, usiiguse kwa ndimu! Asidi itakula sura ya kaizari na hutaipata tena. Ganda gumu la kijani kilichokolea liache, ndilo kinga yake. Unga ndio ugonjwa: chumvi za kloridi zinaila shaba zikipata unyevu. Itenge na nyingine, kwangua unga taratibu kwa kijiti, kisha iloweke kwenye maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ukibadilisha kila baada ya siku chache. Ni kazi ya wiki, hata miezi. Ikikauka kabisa, ihifadhi na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu.

Bi Nuru: Hesabu bendera. Mbili ni kuanzia mwaka 330 hadi kama 335. Baadaye sarafu ilipunguzwa uzito ikabaki bendera moja. Mfumuko wa bei unaushika mkononi! Halafu soma herufi zilizo chini ya miguu ya askari, zinataja mji ilikotengenezwa: TR ni Trier, Ujerumani ya leo, CONS ni Constantinople, Istanbul ya leo. Ukimaliza Roma, tazama sarafu za Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo. Karne hiyohiyo mfalme Ezana aliweka msalaba kwenye zake.

Mpenda Kale: Mimi nauliza: muuzaji alikupa karatasi za kuonyesha ilikotoka? Sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Kaisari, ya kuadhimisha mauaji hayo, iliuzwa London mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 4.2. Hati zake zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sarafu iliyofukuliwa kwa wizi imeshapoteza nusu ya historia unayoitafuta, maana hakuna ajuaye ililala wapi na pamoja na nini.

Mwana wa Pwani: Ahsanteni sana. Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia: T, R, kisha S. Tayari iko majini. Muuzaji nimemwandikia kumuuliza aliipata wapi, bado hajajibu.

Bi Nuru: Trier hiyo! S ni karakana ya pili ya kutengeneza sarafu mjini humo.