Yangmei: Kibosho, Maji ya Chai au Kahe, panafaa wapi?

RoboEka
Habari za leo wakuu. Nataka kupanda yangmei (Morella rubra, wengine wanaiita bayberi ya Kichina) kwenye robo eka, na nina maeneo matatu ya kuchagua. La kwanza ni kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) Kibosho, Kilimanjaro, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, udongo mwekundu, mteremko. La pili ni kiwanja Maji ya Chai, upande wa Meru, udongo mweusi, kisima kipo. La tatu ni shamba Kahe, kusini mwa Moshi, tambarare, maji ya mfereji. Kahe ndiko kwenye nafasi na trekta inaingia. Naombeni ulinganisho wa hali ya hewa na udongo. Habari za bei tuziache kwanza.

UdongoMwekundu
Mkuu, anza na kwao ulikotoka. Yangmei ni mti wa vilima vya kusini-mashariki mwa China. Zhejiang na Fujian ndiko unakolimwa sana. Wastani wa joto la mwaka kule ni nyuzi 15 hadi 20, mvua inapita milimita 1,000, na udongo ni wa miteremko, mwekundu au wa manjano, wenye changarawe, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) kati ya 4 na 6. Mti huu hautaki udongo mnono. Unataka uchachu, hewa kwenye mizizi, na unyevu usiokatika kwa muda mrefu.

Kwa hiyo Kahe itoe kabisa. Ni karibu mita 700 tu kutoka usawa wa bahari, jua la Januari na Februari unalijua, mvua haitoshi, na tambarare ile ina sehemu nyingi za magadi, yaani chumvichumvi inayopandisha pH. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, usipoteze hata mche mmoja pale.

RoboEka
Kahe si ningemwaga salfa nikashusha pH?

UdongoMwekundu
Salfa ina mipaka. Kwenye udongo tifutifu wa pH 6.5, gramu 100 hivi za salfa ya unga kwa mita ya mraba zinaweza kukushusha hadi 5.5, tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu wanaoigeuza kuwa tindikali ni bakteria na wanahitaji unyevu na joto. Mfinyanzi unataka zaidi ya hapo. Udongo wenye chokaa ndani yake unaimeza yote na pH inabaki palepale. Jaribu hivi: chukua udongo mkavu kijiko kimoja, mwagia siki. Ukitoa povu, funga mjadala.

Ngarasero
Mimi niseme kuhusu Maji ya Chai, maana hapo watu wanadanganyika na rangi ya udongo. Joto lake halina ubaya. Shida ni maji. Maji mengi ya upande ule wa Meru yana floridi na bikaboneti ya sodiamu, yaani magadi. Ukimwagilia mti unaopenda uchachu kwa maji hayo, ni sawa na kumwaga chokaa kidogokidogo kila wiki. Mwaka wa kwanza mche unaonekana mzima. Baadaye majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu chuma kimefungwa ardhini. Mtu ananunua mbolea ya majani, rangi inarudi wiki tatu, halafu yaleyale.

Pima kisima kabla ya kupima udongo. Kama maabara iko mbali, chemsha lita mbili kwenye sufuria safi mpaka zikauke. Ukibaki na utando mweupe mzito unaoteleza kama sabuni ukiulowesha, hayo maji hayafai kwa yangmei.

Ukiweza kuvuna maji ya mvua kwenye tangi, Maji ya Chai inarudi mezani. Ila hesabu vizuri ni lita ngapi utahitaji kuanzia Juni hadi Oktoba.

MamaVihamba
Nakubali kwamba Kibosho inaongoza, lakini msimpe mwenzetu picha kana kwamba kihamba chote ni sawa. Jikoni kwa Mchaga majivu yote yanaishia kwenye migomba. Miaka arobaini ya majivu na samadi, pH ya karibu na nyumba inaweza kukaribia 7 wakati mita hamsini chini ni 5.3. Usichukue sampuli moja ukaridhika.

Chota sehemu 10, kina cha sentimita 0–20, kisha 20–40 kando, changanya kila kina peke yake, toa nusu kilo, peleka maabara ya udongo ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) pale Lyamungo. Na kama palikuwa na mibuni iliyopigwa mrututu (dawa yenye shaba) miaka mingi, waombe wapime na shaba, maana inajilimbikiza tabaka la juu.

Halafu kipimo cha maji kutuama. Chimba shimo la sentimita 60, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita 2 kwa saa, panda juu ya tuta au hamia sehemu yenye mteremko zaidi.

UdongoMwekundu
Hilo la majivu ni kweli tupu, nilipitiwa.

Ngarasero
Mita 1,500 sina ugomvi nayo, ila asipande juu zaidi kwa kufuata ubaridi. Ukikaribia msitu, ukungu unakaa hadi saa tano, na tunda la yangmei halina ganda, ni vinyama vitupu vilivyosimama kama manyoya. Likilowa linaoza mtini. Mimi ningebaki kati ya 1,300 na 1,600.

MamaVihamba
Hapo kaka unaogopa ukungu, mimi naogopa masika. Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuupangia mti ratiba. Kinachobaki ni kile kipindi kikavu na baridi cha Juni hadi Septemba. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni kama miezi mitatu. Ukichanua Oktoba, unavuna Januari, pakavu. Ukichanua Januari, tunda linaiva Aprili kwenye mvua, na hapo nzi wadogo wa matunda wanakusubiri. Kwa hiyo Julai na Agosti usimwagilie miti mikubwa wala usiweke naitrojeni. Miche ya chini ya miaka miwili mwagilia kama kawaida.

FundiKubebesha
Mmesahau chakula cha mti. Yangmei unajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa Frankia. Fukua taratibu pembeni mwa mche wa mwaka mmoja: utaona vinundu vidogo vilivyoshikana kama tumbawe. Ndugu yake wa porini, Morella salicifolia, anaota Kilimanjaro na Meru, kwa hiyo bakteria wa jamii hiyo si wageni milimani. Ukimwaga mbolea ya naitrojeni ya CAN, mti unaacha kutengeneza vinundu, unatoa majani mapana na matunda hakuna, tena CAN ina chokaa. DAP, mbolea ya fosforasi yenye naitrojeni pia, nayo punguza. Mpe mboji iliyooza vizuri ndoo moja, salfeti ya potashi, na matandazo ya majani ya mgrivea, sentimita 10, yasiguse shina.

Ncha za matawi zikikauka kuanzia juu na majani yakawa madogo, shuku upungufu wa boroni kabla ya kukimbilia dawa ya ukungu. Boraksi gramu 20 kwenye lita 10 za maji, nyunyiza majani jioni, usizidishe.

RoboEka
Asanteni sana. Basi Kibosho, sehemu ya chini mbali na jiko. Mbegu au miche?

FundiKubebesha
Miche iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha mti unaozaa kimeungwa kwenye shina la mche mwingine. Mbegu ina kokwa gumu, inataka miezi mitatu au zaidi kwenye mchanga mbichi ndani ya friji. Baya zaidi, miti hii ina dume na jike mbalimbali, na mche wa mbegu hautakuambia jinsia mpaka uchanue, ambayo ni miaka minane au kumi. Wa kubebesha unaanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano. Aina za Biqi na Dongkui ndizo zinazojulikana. Dongkui ina tunda kubwa. Kuingiza vikonyo au miche kutoka nje unahitaji kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha afya ya mimea cha huko inakotoka. Ukibebesha mwenyewe, kata na funga haraka, maana utomvu wake una tanini nyingi na jeraha linakuwa jeusi kabla halijashikana.

Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, robo eka inaingia miti 28. Dume mmoja anatosha kwa kuwa chavua inabebwa na upepo, lakini panda wawili, upande upepo unakotokea, na usiwazibe kwa ukuta wa migrivea. Akifa mmoja, bebesha tawi la dume juu ya jike aliye pembeni, ulifunge utepe mwekundu ili mtu wa kupogoa asije akalikata.