Mrejesho: Nimechukua dishi kubwa

Wakuu, ahsanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza nifunge dishi la TV la futi 6 lisilo na malipo ya mwezi au lile dogo la sentimita 80 la kulipia kila mwezi. Nimechukua kubwa. Juzi hapa Tanga mvua ilipiga mabati hadi hatusikilizani, ila picha haikuganda hata kidogo. Kwa jirani mwenye dogo, kioo kilibaki cheusi. Ni kweli mlivyosema: masafa ya C, yaani mawimbi ya setilaiti ya takriban gigahezi 4 yanayonaswa na dishi kubwa, hayasumbuliwi na mvua kama ya Ku ya dishi dogo, yaliyo juu ya gigahezi 10. Fundi alihangaika masaa matatu akilisogeza dishi kidole kwa kidole kutafuta setilaiti. Ligi za Ulaya sina, na hilo linaniuma. Ila mama anaangalia taarifa ya habari bila kifurushi, nimeridhika.