Kuku wanaruka kwenda kwa jirani: nizungushe ua wa aina gani hapa Malindi?

DadaMaweni

Salaam wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Niko Maweni, Malindi. Nafuga kuku wa kienyeji 14, na mmoja kati yao ana vifaranga. Banda lao liko nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa mawe unaotutenga na jirani. Usiku wanalala humo, mchana wanajitafutia. Shida ni kwamba wanajitafutia kwa jirani. Ana vitalu vya mchicha na mnavu, kavitia samadi, udongo umelainika vizuri, na kuku wangu hawana tena habari na uwanja wangu wa mchanga na vijiwe. Juzi kaja na mche mmoja wa mchicha, mizizi juu, akauweka kwenye baraza langu akaenda zake bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Fundi niliyemwita ataka kunizungushia kiwanja chote waya wa cheni linki wa futi 6. Bei aliyonitajia nikamkaribisha chai tu. Mimi nimetenga shilingi 15,000, nguzo na kibarua humo humo. Mwengine kanishauri nipande mnyaa. Mwengine kasema makuti yatosha.

Halafu kuna mwewe, kunguru na nguchiro. Vifaranga wanachukuliwa mchana kweupe.

Nizungushe nini, kwa urefu gani? Na chini nifanyeje? Hapa kwetu ukichimba shubiri mbili ushafika kwenye mwamba.

Langoni_Boy

Pole dada. Huku Lamu mjini raha yake ni kwamba ua ushajengwa na mababu. Kuku wetu wanakaa kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, kuta za mawe pande zote, jirani hamjui hata jogoo ila kwa sauti. Adui yetu ni paka tu, na paka wa Lamu si haba. Kifaranga akitoka mlangoni, hesabu umemtoa sadaka.

Ningekuwa wewe ningeweka boriti za mikoko. Hazisikii mchwa wala chumvi.

KukuTrader254

Kata mbawa kesi iishe. Waya wa nini?

BiMkubwa_Muyeye

Mwanangu wa Maweni, niko Muyeye, nafuga tangu watoto wangu hawajaingia madrasa, na sasa wana watoto wao. Nitakujibu kirefu kwa sababu naona unataka kuuziwa ua wa ng'ombe.

Kwanza, una kazi mbili na huyo fundi wako kazichanganya. Moja ni kumzuia kuku asitoke. Ya pili ni kumzuia mnyama asiingie. Ya kwanza ni kazi ya mchana na ni rahisi. Ya pili, sehemu yake kubwa ni ya usiku, na hiyo ni kazi ya banda, si ya ua. Kanu, mnyama wa usiku kama paka mwembamba, hupanda mti na ukuta, ua wa futi 6 kwake ni ngazi tu. Fungo naye hutembea usiku. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari wa ua, ingia bandani jioni uufunge mlango, kisha utazame mwanga unapenyea wapi. Kila tundu unaloweza kupitisha vidole viwili, lizibe. Mlango uwe na komeo la kusukuma, si kamba. Ukimaliza hilo ndiyo uje kwenye ua.

Cheni linki achana nayo. Matundu yake ni makubwa, kifaranga anapita bila kuinama, na nguchiro anamfuata humo humo.

Tena usizungushe kiwanja chote. Wewe una ukuta wa mawe tayari, utumie. Chukua mita 6 za ukuta huo, banda likiwa ndani yake, utoke nje mita 5. Pande tatu zilizobaki ni 5 na 6 na 5, jumla mita 16. Hapo kuku 14 wana mita za mraba 30, kila mmoja ana zaidi ya 2. Wanatosha, mradi uwatupie majani na maganda ya jikoni wapate cha kuparura.

Sasa waya. Nenda hadiwea uulize waya wa kuku wa tundu la nusu inchi, upana futi 3. Roli moja huwa mita 30. Usichukue wa inchi 2, huo unazuia kuku mkubwa peke yake. Wa inchi 1 nao kifaranga wa siku chache anapenya. Ukifika dukani usitazame bei kwanza. Fungua roli kidogo, litazame pale nyuzi mbili zinapozungukana. Ukiona zinki imetuama kwenye ule msokoto, imejaza na kuzigandisha nyuzi pamoja, waya huo ulisukwa kwanza ndipo ukachovywa, na huo ndio wa kununua. Ukiona nyuzi zinang'aa lakini kwenye msokoto kuna upenyo mkavu, huo umesukwa na nyuzi zilizochovywa kabla, na chumvi ya huku itaanza kuula hapo hapo. Upepo wa kusi ukishaanza, utaona mistari ya kutu. Nimeona watu wa karibu na bahari wakibadilisha waya mwaka kwa mwaka wakisema kuku hawana faida. Waya ndio uliokuwa hauna faida.

Mita 16 za roli hilo zisimamishe. Utabaki na mita 14. Hizo zikate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vyenye upana wa futi moja na nusu. Kwa jumla una mita 28 za kanda jembamba. Hilo ndilo jibu la mwamba wako. Usichimbe. Lilaze kanda hilo chini, upande wa NJE wa ua, limeshonwa na waya uliosimama, kisha lipige mawe juu. Maweni mawe hayanunuliwi. Nguchiro au mbwa akija huchimba pale waya unapokutana na ardhi. Atakuta waya chini ya makucha, atasogea kushoto, atakuta vile vile, atasogea kulia. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja aanzie mbali. Majani yakishaota juu yake huoni tena kama kuna kitu. Kanda litakalobaki weka, utalihitaji kwenye mlango na kuziba matundu ya banda.

Juu ya futi 3 hizo huhitaji waya tena. Weka wavu, au makumba ya mnazi yaliyosukwa. Ua mzima ufike futi 6, kwa sababu kuku wa kienyeji ni mwepesi na futi 4 anaruka akiwa ameshiba. Lakini sikiliza hili, ndilo mafundi wengi hawalijui: USIWEKE ubao wala fito juu kabisa ya ua. Kuku haruki ua moja kwa moja. Huruka hadi juu, hutua, hutazama mchicha wa watu, kisha hushuka upande wa pili. Asipoona pa kutua mara nyingi hajaribu. Ukingo wa juu uwe wavu uliolegea, unaoyumba. Na vichwa vya nguzo uvichonge vichongoke.

Ukuta wa jirani una urefu gani? Kama ni futi 4 au 5 hapo ndipo wanapopanda, na banda kuuegemea ndiyo umewapa ngazi. Kutoka bati la banda hadi juu ya ukuta ni hatua moja ya kuku. Inua wavu juu ya ukuta futi 2 au 3 kwa urefu wote wa hizo mita 6.

Nguzo: za mvinje. Zinauzwa Malindi nzima, zimenyooka, bei yake si ya kutisha. Weka moja kila mita 2 hivi. Kwa mita 16 ni nguzo 9, na ya kumi ya mlango. Za pembe mbili ndizo zinazovuta ua mzima, hizo zitobolee mwamba kwa mtaimbo hata kama ni kazi ya siku, uzimwagie zege na uziwekee mhimili wa kuegemea. Zilizobaki kati zinaweza kusimama ndani ya debe la rangi lililojaa zege, limekaa juu ya ardhi. Mvinje mchwa anaupenda, kwa hiyo sehemu ya chini ipake oili chafu ya gari na uiache ikauke kabla kuku hawajaingia. Ukipata mkilifi, yaani mwarobaini, ulionyooka, afadhali zaidi, mchwa hauchangamkii. Kuupata ulionyooka ndiyo kazi.

Kijana wa Langoni, boriti ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini mikoko haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu, na dada huyu anajenga ua wa kuku, si jumba.

Na huyu wa kukata mbawa, hajakosea, ila hajamaliza. Mbawa hukatwa upande MMOJA, yale manyoya 10 marefu ya mwisho, ili akiruka apinde. Ukikata pande zote mbili bado analingana, atajikongoja avuke. Usikate unyoya mchanga ambao shina lake bado lina damu. Manyoya yakinyonyoka yanaota upya, unarudia. Na kuku uliyemkata mbawa asitembee nje ya ua, maana mbwa akimjia hana pa kwenda.

DadaMaweni

Shikamoo Bi. Nimesoma mara mbili, na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Ukuta ni futi 4 na nusu, na kweli, wanapitia juu ya bati la banda! Nilikuwa nikimlaumu jogoo.

Wavu wa juu niutoe wapi? Na huo mnyaa vipi, maana bure upo, jirani wa nyuma anao.

MvuviMayungu

Dada, wavu usinunue mpya. Njoo Mayungu au ulizia bandarini pale Malindi asubuhi boti zikirudi. Kuna nyavu zimechakaa kwa kuvulia lakini kwa kuku bado ni nzima nzima. Ila chagua. Ukipewa ule wa uzi mmoja mwembamba wa plastiki, unaoonekana kama haupo, ukatae. Kuku akiingiza mguu humo unamkata, na mkishamnasua mnachinja. Chukua wa nyuzi zilizosokotwa, wenye rangi, kuku auone.

Jarife la papa matundu yake makubwa, mwewe hapiti lakini kunguru atajipenyeza. Kama una vifaranga tafuta wa matundu madogo. Uoshe kwa maji baridi kabla ya kufunga, la sivyo harufu ya samaki itakuitia paka wa mtaa mzima. Jua la huku pia linaukausha, ukianza kukatika ukiuvuta kwa mkono, badilisha.

BiMkubwa_Muyeye

Marahaba mwanangu. Mvuvi kasema kweli, na hilo la kuosha watu hulisahau.

Juu ya uwanja mzima usihangaike kufunika. Funika pembe moja tu, mita 2 kwa 3, karibu na banda, wavu wa matundu madogo, uwe ndio uwanja wa kuku mwenye vifaranga. Itenge kwa lile kanda la waya lililobaki. Awe humo mpaka vifaranga wafikie ukubwa wa njiwa. Mwewe kwa juu humwona kifaranga aliyetapakaa uwanjani. Panda na mpapai au migomba miwili ndani ya ua mkubwa, wapate kivuli na pa kukimbilia, kuku watakutilia mbolea. Ila shina la mgomba mchanga lizungushie mawe, watalifukua.

Mnyaa: ukiwa mpana na umeshonana ni ua mzuri wa kuzuia ng'ombe na wapita njia. Kuku anapita chini yake kama mgeni wa heshima. Na utomvu wake ukiingia jichoni mwa mtoto ni hospitali. Ukitaka kuupanda, upande nje ya waya, usiwe badala ya waya. Mbono vile vile, mbegu zake ni sumu, usiuweke karibu na kuku.

Makumba yanafaa, lakini yawe ya juu tu, yasiguse ardhi. Yakigusa ardhi mchwa anapanda, na nyoka anapata nyumba.

KukuTrader254

Bi, haya ya upande mmoja nimekubali 😂 Na mlango je? Mimi kila nikifungua wananitoka miguuni.

BiMkubwa_Muyeye

Mlango ufunguke kwenda NDANI. Ukisukuma unawarudisha wao nyuma. Ukifunguka nje unawafungulia njia. Chini yake pigilia ubao uliolala, wa inchi 6 hivi, uvuke kwa kuinua mguu. Kuku anayekimbia husita hapo, na kifaranga mchanga havuki. Upana wa mlango uwe wa toroli kupita, si wa mtu peke yake, maana mbolea utaitoa na nini?

Na dada wa Maweni, mbolea yenyewe hiyo ikiiva, gunia la kwanza mpelekee jirani.

DadaMaweni

Nimekuelewa Bi. Jumamosi naenda hadiwea kuchungulia misokoto ya waya, wauzaji wanione kichaa. MvuviMayungu, nitakutumia ujumbe pembeni kuhusu wavu.