Ankara zetu zinabadilishwa namba ya akaunti, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Wateja wetu wanapokea kwa baruapepe ankara inayofanana kabisa na yetu, nembo na kiasi vilevile, ila namba ya akaunti ya benki si yetu. Kwenye mipangilio ya baruapepe yetu nimekuta kichujio kinachopeleka kila ujumbe wenye neno "malipo" kwa anwani ngeni, kisha kinaufuta. Nimekiondoa, nimebadili nywila, nimeondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye baruapepe na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Wateja tumewapigia simu kwanza, hilo halikuweza kusubiri.

Bado ankara bandia zinatoka. Je, programu iliyopewa ruhusa zamani inaweza kuendelea kusoma barua hata nywila ikibadilika? Na kwenye vichwa vya ujumbe alioupata mteja (taarifa za kiufundi za njia uliyopitia), niangalie wapi kujua kama umetoka kwetu au anwani imeigizwa tu? SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chetu) ipo, DMARC (maelekezo kwa wapokeaji kuhusu barua zisizothibitika) bado ni p=none, yaani haiagizi zizuiwe.