Ukoo wa Kirumba: fomu za bima ya afya

Shangazi Kabula, 07:12: Mwangaluka. Fomu zinarudi kwa wakala Ijumaa, ninazo 4 kati ya 11. Nakala ya NIDA, picha mbili, watoto vyeti vya kuzaliwa. Mzee anatimiza 65 mwezi ujao, akishavuka hawampokei tena kama mwanachama mpya.

Shangazi Kabula, 07:15: Na someni kabla ya kusaini! Ile milioni 10 ya kulazwa ni ya kaya nzima kwa mwaka, si ya kila kichwa. Mmoja akipasuliwa kwa milioni 7, wengine wanabaki na 3. Matibabu ya nje ni fungu lake, milioni 1. Likiisha huchoti kwenye la kulazwa.

Doto, 09:40: Shangazi, na meno? Kulwa ana lile jino la sato 😂

Kulwa, 09:41: Ulikuwa mfupa wa sangara!

Doto, 09:41: Juzi ulisema jiwe kwenye wali 😂😂

Shangazi Kabula, 09:58: Meno laki 2, kung'oa na kuziba tu. Fomu zenu ziko wapi nyie mapacha?

Mama Neema, 11:26: Wifi, uzazi wangu utalipwa?

Shangazi Kabula, 11:30: Huu hapana, wifi. Uzazi unasubiri miezi 10 tangu kadi ianze, la sivyo watu wangekata bima tumbo likishaonekana. Tenga hela ya kujifungua pembeni. Mtoto akizaliwa niletee cheti upesi, haingii kwenye kadi mpaka aandikishwe.

Dada Ngollo (Nansio), 13:02: Huku kisiwani sioni hospitali kwenye orodha.

Shangazi Kabula, 13:09: Lipa taslimu, udai. Risiti halisi, maelezo ya daktari yenye jina la ugonjwa, fomu ya madai. Risiti isiyo na jina lako wanairudisha. Ukivuka kuja hospitali ya Bugando, imo. Ila kulazwa kusiko kwa dharura kunataka kibali cha kampuni kwanza. Dharura unaingia, halafu wapigiwe ndani ya saa 24.

Masanja, 14:20: Dada, kipengele cha 7. Tukiandika sukari ya Mzee ada inapanda, na dawa zake zinasubiri mwaka. Tuache wazi?

Shangazi Kabula, 14:21: Usithubutu. Siku akilazwa kampuni itaomba faili lake, na kliniki ya sukari ina tarehe zote. Wakikuta mmeficha wanakataa dai, na mkataba wanaweza kuufuta.

Masanja, 14:25: Basi ada nikutumie kwenye simu?

Shangazi Kabula, 14:26: Hapana. Akaunti ya kampuni, na stakabadhi yenye jina lako. Hela ikilala kwa wakala, kadi haifanyi kazi.

Kulwa, 14:31: Kama zile za mabati ya Sengerema.

Masanja, 14:32: Hayo yaliisha.

Kulwa, 14:32: Yaliisha kwenu.

Babu, 16:50: Wanangu. Andikeni sukari, na presha ambayo Masanja ameisahau. Sitaki kadi ya uongo. Aliyechukua ya Sengerema tulimzika. Mwacheni alale.

Kulwa, 17:15: Nisamehe babu.

Mama Neema, 17:40: Shikamoo baba. Tumesikia.

Shangazi Kabula, 19:05: Asante Mzee. Nimempigia wakala, kwa sukari na presha nyongeza ni laki 3 na nusu. Nani anachangia?

Shangazi Kabula, 20:48: Naona mmesoma wote.

Masanja, 22:10: Mimi laki. Hiyo iliyobaki tuongee kesho.

Doto, 22:14: Shangazi, picha ziwe za rangi?