Siku sita Bonaire na mwenzangu si muogeleaji hodari: naomba ushauri

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa waliofika Bonaire, kisiwa cha Karibea.

Tuko wawili. Mimi nazamia na mtungi, mwenzangu anatumia miwani na mrija tu, na akichoka huanza kupiga miguu hovyo. Lengo ni kuona kasa. Tumechagua malazi upande wa magharibi kwa kuwa pepo hutoka mashariki na huku maji hutulia. Lac Bay, ghuba yenye maji ya kiunoni, tumeitengea siku moja ya ubao wa tanga. Kuzamia kwangu kwa mwisho kutakuwa zaidi ya saa 18 kabla ya ndege. Glovu naacha nyumbani, hifadhi ya bahari ya huko imezikataza.

Nilipokwama ni hapa. 1000 Steps, sehemu ya kuzamia ambayo jina lake ni "ngazi 1000" (ngazi hazifiki hata 70, jina linatisha bure), pana vipande vya matumbawe vinavyoteleza pale unapoingilia, na viatu vya mwenzangu ni vya soli laini.

1. Je, aingilie wapi kwa urahisi zaidi?
2. Klein Bonaire, kisiwa kidogo kilicho mkabala, watu huachia mkondo uwarudishe ufukoni. Akipitiliza, kuna pa kutokea au ni miamba tupu?